Nani Anasuka Visa? Kamera, Kompyuta na Njia ya Misafara

Katika mijadala yetu ya fasihi na sanaa za maonyesho kuna wimbo mmoja unaoimbwa sana siku hizi, nao ni wimbo wa teknolojia. Tunaambiwa kamera sasa ni nyepesi, kompyuta ya kuhariria inabebwa kwapani, na simu ya mkononi inapiga picha safi kuliko mitambo ya zamani. Kwa hiyo, eti, mnyonge naye amepata sauti. Anayetaka filamu ya Tabora aende Tabora, apige picha, arudi, basi, kazi imekwisha. Mimi nakataa. Sikatai kwamba vyombo vimekuwa rahisi. Hilo nani asiyeliona? Ninachokataa ni hiyo "kwa hiyo".

Makala haya yanakusudia kutetea hoja moja tu. Chombo kipya hupunguza mzigo wa mpiga picha, lakini hakiamui nani atasuka visa. Na kusuka visa, katika filamu kama katika riwaya, ndiko kwenye mamlaka. Nitaitazama hoja hiyo kupitia njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Nimeichagua kwa sababu mimi ni mtoto wa Tabora, na pia kwa sababu njia hii moja imepitiwa na kamera za karibu kila zama, kuanzia ile ya kubebwa kichwani na mpagazi hadi picha zilizofufuliwa kwa kompyuta.

Huenda mwalimu mmoja akauliza: mhakiki wa fasihi anatafuta nini kwenye mashine? Jibu langu ni kwamba uhariri wa filamu ni msuko. Mhariri anapoamua tukio lipi litangulie, lipi lirudishwe kwa mbinu rejeshi na lipi litupwe sakafuni, anafanya kazi ile ile ya mwandishi anayepanga sura za riwaya yake. Vilevile, maoni ya mtengenezaji filamu kuhusu vyombo vyake si lazima tuyatafute kwenye mahojiano yake na magazeti. Yamo ndani ya kazi yenyewe. Ukitazama amekaa na picha moja kwa muda gani, na amemkatia nani maneno, unajua anaamini nini.

Tuanze na pwani. Mwaka 1860 Speke na Grant walipoanza safari yao ya kutafuta chanzo cha Nile, Grant alikuwa na kamera. Enzi hizo kupiga picha hakukuwa kubofya tu. Picha ilihitaji kuandaliwa na kusafishwa kwa dawa ndani ya hema dogo lililozibwa lisiingie mwanga, na joto la huko ndani tunalijua wenyewe. Speke anaeleza katika kitabu chake kwamba aliogopa kazi ile ingemuua mwenzake, kwa hiyo kamera ikarudishwa na Grant akashika penseli na rangi za maji. Walipoingia Kazeh, yaani Tabora, mwanzoni mwa 1861, mpiga picha alikuwa amekwisha kuwa mchoraji.

Wanaopenda historia ya teknolojia hukisimulia kisa hiki kama kushindwa kwa mashine: joto likaishinda kamera. Sawa. Lakini tujiulize, kitu gani kilibadilika kwa mpagazi pale kamera ilipoondoka na penseli ikaja? Hakuna. Alibaki na mzigo wake wa karibu frasila mbili, na kwenye mchoro alibaki mtu wa pembeni anayeonyesha ukubwa wa mbuyu. Chombo kilibadilika ndani ya safari moja, jicho likabaki lile lile.

Turuke hadi mwaka 1939, Hollywood ilipotoa filamu ya *Stanley and Livingstone*, iliyoongozwa na Henry King, Spencer Tracy akiwa Stanley. Kikosi cha wapiga picha kilitumwa Afrika ya Mashariki kuchukua mandhari na misafara, kisha picha hizo zikaunganishwa na za waigizaji waliokuwa Marekani. Stanley halisi alikaa Tabora kwa miezi mwaka 1871, akashiriki vita dhidi ya Mirambo na wenzake wakapigwa, ndipo akazunguka kusini kutafuta njia ya kufika Ujiji. Mwaka uliofuata yeye na Livingstone walirudi wakakaa pamoja Kwihara, mahali ambapo tembe lao ni makumbusho. Ni kisa kikubwa cha siasa za Unyamwezi, chenye mtemi aliyefunga njia kwa sababu zake mwenyewe. Lakini filamu ya namna ile haihitaji sababu za mtemi. Inahitaji vumbi, ngoma na umati wa watu wanaopita nyuma ya shujaa. Meza ya kuhariria ya mwaka 1939 iliweza kumweka mwigizaji wa California mbele ya nyika yetu, akaonekana yupo. Kumweka Mirambo ndani ya kisa kungewezekana pia kwa meza hiyo hiyo. Hakuna aliyetaka.

Sasa twende mwisho wa njia. Kaskazini ya Ujiji na Kigoma kuna Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuwatazama sokwe Julai 1960. Mwaka 1962 jarida la National Geographic lilimtuma Hugo van Lawick, Mholanzi aliyezaliwa Indonesia mwaka 1937, kwenda kumpiga picha. Alitumia filamu ya milimita 16. Kwa wasioijua kazi hiyo, gurudumu dogo la futi 100 humalizika chini ya dakika tatu, na hata lile kubwa la futi 400 halivuki sana dakika kumi na moja. Likiisha unafunga, unabadilisha, na kama sokwe ameamua kufanya jambo lake wakati huo, limekupita. Kisha ukanda uliopigwa unasafirishwa nje ya nchi kusafishwa. Ulichokipata unakijua baada ya majuma mengi.

Shida hiyo ilizaa fani. Van Lawick alijifunza kusubiri. Picha zake za Flo, yule sokwe jike mzee, na mwanawe Flint, zina utulivu wa mtu ambaye hana filamu ya kuchezea. Haifukuzi tabia ya mnyama. Anaiacha ije kwenye fremu. Hapo nakiri kwamba chombo kinaathiri mtindo, tena sana. Ila kinaathiri na kinachopigwa pia. Sokwe walilishwa ndizi ili wazoee kusogea kambini, na ndizi hizo zilimrahisishia sana mwenye kamera. Kumbe hata subira ilitegewa chambo.

Filamu ya kwanza iliyotokana na kazi hiyo ilitoka mwaka 1965, msimulizi wake Orson Welles. Sehemu kubwa ya ukanda uliobaki ikawekwa ghalani. Ndipo mwaka 2017 mwongozaji wa Marekani Brett Morgen akatoa *Jane*, filamu iliyosukwa kutokana na zaidi ya saa 100 za picha za van Lawick zilizokuwa zimekaa kwenye hifadhi ya National Geographic kwa zaidi ya nusu karne. Picha hizo hazikuwa na sauti, na hazikupangwa kwa mfuatano wa matukio. Kwenye meza ya zamani ya kukata kwa wembe na kuunganisha kwa gundi, kazi ya kuzipanga ingemmaliza mtu. Kwenye kompyuta iliwezekana. Rangi zikasafishwa, mlio wa majani na vilio vya sokwe vikatafutwa na kupachikwa, muziki ukaandikwa na Philip Glass, na juu ya yote ikawekwa sauti ya Goodall mwenyewe akisimulia.

Nitasema ukweli: ni filamu nzuri. Msitu unaonekana kama umenyeshewa jana. Nilipoitazama mara ya kwanza nilisahau kabisa kwamba kila unyayo ninaousikia umewekwa baadaye na fundi wa sauti. Na hapo ndipo mhakiki anatakiwa kuamka. Mfuatano ule tunaouona, sokwe anatokea, Jane anageuka, anatabasamu, haukuwa lazima utokee hivyo. Inawezekana kugeuka ni kwa Jumatatu na sokwe ni wa mwezi mwingine. Silaumu hilo kama uongo. Mwandishi wa riwaya hufanya hivyo kila siku na tunamsifu kwa usukaji. Ninachotaka ni tukubali kwamba tunatazama msuko, na tukiisha kubali, tuulize swali letu la kawaida la uhakiki: nani ana nafsi katika kisa hiki na nani hana?

Goodall anayo, na anastahili. Van Lawick anayo, maana mapenzi yake kwa Jane yanasomeka katika namna anavyompiga picha. Sokwe nao wanayo: wana majina, wana tabia, wana ukoo, wana msiba. Watanzania je? Wanapita. Hawapewi nafasi ya kusimulia. Na tusiseme hawakuwapo. Goodall katika vitabu vyake anawataja wasaidizi wa utafiti wa Kitanzania, miongoni mwao Hilali Matama, waliofuata sokwe milimani mwaka baada ya mwaka. Mei 1975, baada ya watafiti wanne kutoka nje kutekwa Gombe na waasi waliovuka ziwa kutoka Zaire, kazi ya kila siku ya kuandika mienendo ya sokwe ilibaki mikononi mwa Watanzania hao. Utafiti haukukatika. Kisa hicho kina kila kitu anachotafuta mwandishi wa tamthiliya: hatari, uaminifu, mabadiliko ya mamlaka.

Hebu tulipime hili taratibu. Kompyuta iliweza kumpa sokwe wa mwaka 1964 sauti ambayo kamera haikuirekodi. Haikumpa sauti mtu wa Kigoma aliyekuwa amesimama mita chache kutoka hapo. Je, ni kasoro ya kompyuta? La hasha. Mhariri aliyepachika mlio wa jani angeweza pia kupachika simulizi ya mtu. Alichagua. Na mpiga picha wa 1962, aliyekuwa na dakika tatu tu kwenye gurudumu, naye alichagua. Kati ya uchaguzi huo wa kwanza na wa pili, ulimwengu ulipata mhariri wa Avid mwaka 1989, ukanda mdogo wa video wa kidijitali mwaka 1995, na programu ya Final Cut Pro mwaka 1999. Mapinduzi matatu makubwa, jamani, na mtu wa pembeni bado yuko pembeni.

Wenzangu wataniambia: hao ni wageni, ulitegemea nini? Dawa ni sisi kuhariri wenyewe. Nakubali nusu. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968 kwa nia hiyo hiyo, na tatizo lake kubwa lilikuwa vyombo. *Arusi ya Mariamu* ya mwaka 1985 na *Mama Tumaini* ya mwaka 1986 zilihitaji ubia na watu wa nje. Leo pingu hiyo imelegea, na mwenye kubeza hilo hajawahi kutafuta fedha za kusafishia filamu Ulaya.

Nusu nyingine siikubali, na ushahidi wangu wa kwanza unatoka kwenye fasihi yetu wenyewe. Njia ya misafara ina kitabu kilichosukwa na Mswahili mwenyewe kwa Kiswahili: *Maisha* ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kilichochapishwa Berlin na Heinrich Brode mwanzoni mwa miaka ya 1900. Tabora imo, maana baba yake alikuwa mtu mzito huko. Nafsi ya msimulizi ni ya kwetu, lugha ni ya kwetu, mpangilio wa matukio ni wake. Na wapagazi? Wanahesabiwa, wanatoroka, wanakamatwa, wanabeba pembe zinazotajwa kwa frasila. Msimulizi alikuwa tajiri wa pembe na watumwa, na msuko wake ni wa tajiri. Kwa hiyo kuhamisha kalamu kutoka kwa Stanley kwenda kwa Tippu Tip kulibadilisha lugha ya kisa, hakukumfikia aliyebeba mzigo.

Ushahidi wa pili ni wa video zetu. Tangu *Girlfriend* ya George Otieno mwaka 2003, filamu za Kibongo zimethibitisha kwamba inawezekana kabisa kupiga, kuhariri na kuuza bila kumpigia goti mfadhili. Lakini sote tunazijua zile kazi zilizokatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza na ya pili, kwa sababu soko lilitaka kuuza kanda mbili na baadaye diski mbili. Kisa cha dakika tisini kinavutwa kama mpira. Hapo msuko haukupangwa na mkoloni wala na mwongozaji. Ulipangwa na duka. Kompyuta ilitii amri ya duka kama ilivyotii ya Hollywood.

Je, basi tukate tamaa? Hapana. Ipo kazi ambayo naiona kuwa mfano, na haikutokana na kompyuta mpya hata kidogo. Ni *These Hands*, yaani Mikono Hii, ya Flora M'mbugu-Schelling, mwaka 1992. Ina dakika 45. Inawaonyesha wanawake, wakimbizi kutoka Msumbiji, wakiponda mawe kwa nyundo kwenye machimbo ya Kunduchi, nje ya Dar es Salaam. Hakuna msimulizi wa kutuelekeza tumhurumie nani. Nyundo inapiga, inapiga tena, na picha haiondoki. Mtazamaji wa kawaida anaanza kuchoka, na uchovu huo ndio maudhui. Mwandishi anayekueleza kwa sentensi moja kwamba fulani alifanya kazi ngumu amekupa habari tu. M'mbugu-Schelling anakukalisha hapo mpaka mgongo wako mwenyewe uanze kuuliza. Kisha wanawake wanaimba, na wimbo unakuja ukiwa umelipiwa.

Hayo, kwa maoni yangu, ndiyo maoni makubwa kuliko yote ambayo mtengenezaji filamu wa Kitanzania ameyatoa kuhusu kamera na uhariri, na ameyatoa bila kusema neno: muda wa anayefanya kazi usifupishwe kwa raha ya anayetazama. Kompyuta ina kishawishi cha kinyume. Kukata ni bure, kurudisha ni bure, kwa hiyo tunakata kila sekunde tatu. Subira iliyokuwa porini kwa van Lawick imehamia kwenye kiti cha mhariri, na wengi wetu kwenye kiti hicho hatuna subira.

Nirudi sasa kwenye njia ya Tabora, kwa sababu hoja hii kwetu si ya darasani tu. Tangu mwaka 2006 njia hiyo imo kwenye orodha ya awali ya Tanzania kwa ajili ya Urithi wa Dunia, kama njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe. Kamera zitazidi kuja. Naogopa zitapiga tembe la Kwihara, zitapiga miembe, zitapiga mnyororo, kisha ramani yenye mstari mwekundu itatuvusha kutoka Bagamoyo hadi Tabora kwa sekunde tano. Burton na Speke walitumia siku 134 kwenye kipande hicho mwaka 1857. Siku 134 kwa sekunde tano! Ndani ya mkato huo anazikwa Mnyamwezi.

Na anayezikwa ni nani hasa? Wengi wa wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, wakadai posho, wakagoma, wakamwacha tajiri njiani alipowadhulumu. Kwenda pwani na kurudi kulikuwa heshima ya kijana, dalili kwamba amekuwa mwanamume. Njia hiyo hiyo ilipitisha watu waliofungwa minyororo na kuuzwa. Mambo yote mawili ni kweli, na msafara mmoja ungeweza kuwa na watu wa aina zote mbili. Filamu inayowachanganya wote kuwa kundi moja la vivuli inawadhulumu mara mbili: inamnyima mpagazi huru fahari ya kazi yake, na inamnyima mtumwa tofauti iliyokuwa kati yake na jirani yake. Tofauti hiyo haionekani kwa ubora wa lenzi. Inaonekana kwa mpangilio wa visa, kwa nani amepewa jina na nani amepewa muda.

Kamera nyepesi ina manufaa yake hapa, nami sitaki nionekane mpinzani wa maendeleo. Unaweza kuingia nayo kwenye ua wa bibi mmoja Tabora bila taa, bila jenereta, bila umati wa mafundi, naye akasimulia yale aliyoachiwa na babu yake kwa Kinyamwezi, bila kutazama saa. Hilo mwaka 1939 halikuwezekana. Lakini mkishamaliza kurekodi, bibi anabaki Tabora na kompyuta inaondoka kwenda Dar es Salaam au Ulaya, na huko yale masaa yake mawili yanakuwa sekunde ishirini chini ya muziki. Ninachodai ni kwamba mtu wa Tabora awepo pale kukata kunapofanyika, mwenye haki ya kusema: hapo usikate, bado anaongea.

Napendekeza jambo moja dogo kwa idara yetu. Tuonyeshwe *Jane* na *These Hands* jioni moja, zikifuatana, kisha tujadili kwa fani na maudhui kama tunavyojadili riwaya mbili. Nina hakika wengi wataingia wakizungumzia kamera na watatoka wakizungumzia msuko. Mwenye hoja ya kunipinga na ailete, kurasa zipo.